Nani ashike kalamu? Njia nne za kuchambua data za afya pamoja na jamii asilia

Umerudi kutoka uwandani. Kwenye kinasa sauti kuna mahojiano arobaini na ushee, kwenye tableti kuna madodoso mia tatu, na ombi lako la kibali cha maadili linasema, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba wanajamii watashirikishwa "katika hatua zote". Katika kukusanya walishiriki kweli: walikutembeza boma kwa boma, walikutafsiria, walikufukuzia mbwa. Imebaki hatua ambayo wengi wetu huifanya tukiwa tumefunga mlango, ya kuamua maneno yale na namba zile zina maana gani. Hapa ndipo watu hukwama, na wengi hujikwamua kwa kuitisha mkutano mmoja, kugawa soda na posho, kupiga picha, kisha kuandika kwenye ripoti kwamba jamii ilishirikishwa.

Nimefanya kazi ya utafiti msaidizi na ukalimani kwa miaka kadhaa, zaidi katika miradi ya afya ya mama na mtoto kwenye vijiji vya wafugaji kaskazini mwa Tanzania. Kati ya njia nne nitakazozilinganisha hapa, tatu nimezifanya kwa mikono yangu, na si zote zilituendea vizuri. Ya nne naijua kwa kuisoma, maana makao yake makuu ni Kanada. Ninaposema jamii asilia nazungumzia watu kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wamaasai, Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, Wabatwa wa Uganda na Kongo. Najua serikali zetu hazilipendi sana neno hilo, husema sote ni wazawa. Sina ugomvi na hilo. Ninachojua ni kwamba jamii hizi huchunguzwa mno kuliko wingi wao. Wahadzabe ni kama elfu moja na kitu tu, lakini wameshapimwa vijidudu vya tumboni, usingizi wao, hata nishati ambayo mwili wao unatumia kwa siku, na matokeo yamesomwa dunia nzima.

## Kwa nini uchambuzi hasa

Kwenye mradi mmoja, mama mjamzito alituambia: "Miezi ya mwisho nakunywa uji mwepesi tu." Nilitafsiri mimi. Ofisini mwenzangu akaipa kauli ile alama, yaani lebo fupi ya maana yake, ya upungufu wa chakula, nami sikuona kosa, kwani ulikuwa mwaka wa ukame. Kauli za namna hiyo zikafika kumi na tisa, na rasimu ya ripoti ikaanza kupendekeza mgao wa unga kwa wajawazito.

Baadaye tuliziandika kauli zile kwenye kadi, tukazibandika kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi, kina mama wakawa wanazipanga. Bibi mmoja, wenzake wakimwita koko, alinyanyuka, akaibandua kadi ya uji kutoka rundo la njaa, akavuka nayo darasa zima, akaibandika upande wa pili kwenye rundo la kuogopa uzazi. "Mwanangu," akaniambia, "huyu hana njaa. Anataka mtoto awe mdogo ili apite. Hospitali iko mbali." Wengine wakacheka, wakinishangaa. Mchana uleule kadi kumi na nne kati ya kumi na tisa zikahama ukuta.

Kujinyima chakula mwishoni mwa mimba ili mtoto asiwe mkubwa ni desturi inayojulikana kwa Wamaasai, na watafiti wameshaiandika. Mimi si Mmaasai. Kimaa, lugha yao, nimejifunzia mnadani, na mnadani hakuna anayezungumzia mimba. Neno nililitafsiri sawasawa. Nilichokosa ni maana, na mgao wa unga usingeisogeza hospitali hata hatua moja.

Sababu nyingine ni nzito zaidi. Wahavasupai ni kabila dogo linaloishi ndani ya Grand Canyon, huko Arizona, Marekani. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University wakiamini ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwatesa sana. Damu ileile ikaja kutumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuoana kwa ndugu, na mababu zao walikotokea, na hili la mwisho liligongana na simulizi yao wenyewe ya asili yao. Waligundua 2003, wakaenda mahakamani, na Aprili 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 kwa wanakabila 41 na kurudisha damu iliyobaki. Siku ya kutoa damu hakuna aliyelalamika. Tatizo lilizaliwa maabara, watoa damu wakiwa wamesharudi majumbani.

## Vigezo

Nitazipima njia zote kwa maswali matano. La kwanza ni neno la mwisho: mtafiti na mwanajamii wakibishana kuhusu maana ya jambo, nani anashinda? La pili ni muda na fedha. La tatu ni lugha na kusoma, kwa sababu uchambuzi tuliofundishwa chuoni umejengwa juu ya karatasi, na wanaojua mambo mengi kijijini mara nyingi hawasomi. La nne ni siri. La tano ni kinachobaki kijijini mradi ukishafunga hesabu.

Ubora wa kisayansi sikuuweka kama kigezo peke yake. Kila njia hapa inaweza kufanywa vizuri au ovyo, na kadi ya uji inaonyesha kwamba uchambuzi uliofuata taratibu zote unaweza bado kuwa umekosea.

## Njia ya kwanza: kurudisha rasimu

Unachambua mwenyewe, kisha unarudi na matokeo ya awali kabla hayajachapishwa, unauliza: tumepata sawa?

Neno la mwisho ni lako. Unasikiliza, unarekebisha ukitaka. Njia hii haijifichi: wanajamii ni wasahihishaji, na mwandishi ni wewe.

Muda na fedha. Siku mbili au tatu, nauli, chakula. Hakuna nafuu kuliko hii.

Lugha na kusoma. Hakuna anayehitaji kusoma. Mtego uko kwenye adabu. Mgeni aliyesafiri siku nzima akisimama kueleza kazi yake, nani atamwambia mbele za watu kwamba amekosea? Utaambiwa "tunawashukuru sana wageni wetu", mwenyekiti atafunga kikao kwa sala, na utarudi ukiamini umethibitishwa. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kwenda na tafsiri mbili zinazopingana za jambo moja, ukauliza ipi iko karibu na ukweli. Watu wataogopa kukukatalia wewe, lakini kuchagua kati ya viwili hawaogopi. Tena kaa na kina mama peke yao, wazee peke yao, vijana peke yao.

Siri. Hapa njia hii ni salama kuliko zote, kwa kuwa unarudisha jumla na si kauli ya mtu mmoja. Ila jumla nayo inaweza kuchafua watu. Mwaka 1979 ulifanyika utafiti wa ulevi kati ya Wainupiat, jamii asilia ya Barrow, Alaska, mji ambao leo unaitwa Utqiaġvik. Matokeo yalitangazwa kwa waandishi wa habari mbali na mji huo, magazeti yakayachukua, na aibu ikawaangukia watu wote wa pale, wanywaji na wasiokunywa. Hata kurudisha rasimu tu, kwa muda wa kutosha kubishana, kungewapa nafasi ya kusema jambo kabla ya magazeti.

Kinachobaki ni kidogo: kipeperushi, pengine bango kwenye zahanati.

Inamfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mradi mfupi, au data nyeti ambazo macho mengi hayapaswi kuziona.

## Njia ya pili: baraza la kadi

Hii ndiyo iliyonifundisha habari ya uji. Unachukua kauli kutoka kwenye mahojiano, kila moja kwenye kadi yake, unawakutanisha watu ishirini au thelathini, wanazipanga wao. Huko Manitoba, Kanada, mtafiti Judith Bartlett na wenzake waliitumia kwa Wametis na watu wa Mataifa ya Kwanza, jamii asilia za huko, wenye kisukari, na waliichapisha 2007. Kilichonivutia kwenye utaratibu wao ni kwamba marundo hayapewi majina mwanzoni. Kila rundo hupewa mchoro tu, na jina hutafutwa mwishoni, kadi zikishatulia. Ukianza na jina, "umaskini" kwa mfano, kila kitu kitakimbilia huko. Sisi tulichora chungu, barabara, mwezi na kwato. Rundo la kwato ndilo baadaye liliitwa kuogopa uzazi, na mpaka leo sijui kwa nini lilianzia pale.

Neno la mwisho ni la kikao, lakini si lote. Nani alichagua kauli zipi ziwe kadi? Wewe. Mahojiano arobaini yana maelfu ya sentensi, na siku moja ya baraza, kwa uzoefu wangu, inabeba kadi sitini, themanini ukilazimisha. Kwa hiyo mchujo wa kwanza unabaki mikononi mwako, na ni uungwana kuusema.

Muda na fedha. Siku mbili hadi nne za kikao, na wiki mbili za maandalizi ambazo hakuna anayezikumbuka kwenye bajeti. Wafugaji wakihama na ng'ombe utabaki na wazee na watoto, kwa hiyo uliza kwanza mwezi gani watu wapo. Weka fungu la mtu wa kushika watoto, la sivyo kina mama watakaa mlangoni mguu mmoja nje.

Lugha na kusoma. Kila meza iwe na msomaji mmoja anayeisoma kadi kwa sauti mara mbili, pamoja na mchoro pembeni. Kasi inapungua, lakini mabishano yananoga, kwa sababu kila mtu anasikia sentensi ileile kwa wakati mmoja.

Na njia hii haiishii kwenye maneno. Siku moja tulimwaga punje za mahindi kwenye mkeka, kila punje ikisimamia kaya kumi, tukazipanga safu kwa kila kitongoji: wangapi walijifungulia zahanati. Kitongoji cha mbali kuliko vyote kilikuwa na safu ndefu kuliko zote. Ofisini tulishaamua ni kosa la kuingiza data. "Kule kuna mwenye bodaboda," kijana mmoja akasema bila hata kuinama kwenye mkeka. "Analala palepale." Umbali wa barabara tulikuwa tumeupima kwa mita, na swali la nani ana pikipiki usiku halikuwamo kwenye dodoso.

Siri ndiyo inayoweza kulivunja baraza. Kufuta jina hakutoshi. "Mama wa watoto saba aliyefiwa na pacha mwaka wa mvua kubwa" hana haja ya jina kwenye kitongoji cha kaya sitini. Tulichofanya ni kubadilishana: kijiji hiki kinapanga kadi za kijiji kile, na vielelezo vinavyomtambulisha mtu vinabadilishwa. Kuna mada ambazo hata hivyo hazifai kuletwa ukutani. VVU ni mojawapo, na ukatili wa nyumbani. Ukeketaji pia, maana Kenya ina sheria ya 2011 inayoukataza kabisa na Tanzania ni kosa la jinai kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Kauli ya mtu kwenye kadi inaweza kugeuka ushahidi dhidi yake.

Jambo jingine: laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, akiingia na kuketi, hata kama hajasema neno, kina mama watanyamaza. Mweleze mapema, kwa heshima, kwamba kikao chake kipo kesho.

Kinachobaki ni mabishano yenyewe. Watu waliondoka pale wakiendelea kugombana juu ya gari la wagonjwa, na suala likafika serikali ya kijiji kabla ripoti yetu haijatoka.

## Njia ya tatu: wachambuzi wenza

Hapa unachagua wanajamii wanne hadi sita, unawafundisha, mnasoma mahojiano pamoja, mnatunga orodha ya alama, mnaziweka, mnazijumlisha. (Ofisini tunasema "kukodi data", kutoka Kiingereza "coding". Kijijini walituuliza tumeikodi kwa nani.) Utaratibu mmoja uliopangwa vizuri ni ule wa watafiti Sarah Flicker na Stephanie Nixon, uliochapishwa 2015 baada ya kujaribiwa Kanada, Afrika Kusini na Zambia. Una hatua sita, kuanzia kusoma kwa pamoja, kutunga orodha ya alama kwa kushirikiana, hadi kuyafikisha matokeo kwa wahusika.

Neno la mwisho linagawanywa kikweli. Wachambuzi wenza wanaamua alama zenyewe, tofauti na barazani ambako watu hupanga kadi ulizochagua wewe. Kila msomaji wa Kiswahili anajua uzito wa hilo. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa kina mama wengi homa ni jambo la hospitali, ilhali degedege ni jambo jingine kabisa lenye waganga wake. Alama moja ya "malaria" inavitia vyote kapu moja, na mama aliyechelewa kwenda hospitali anaonekana mzembe. Mchambuzi aliyelelewa ndani ya lugha hatakubali alama hiyo ipite. Hata hivyo angalia kompyuta iko mezani kwa nani. Mwenye kompyuta hushinda mabishano mengi bila kujua.

Muda na fedha. Hesabu miezi mitatu kwenda juu, na walipwe mshahara. Posho ya kikao haitoshi. Mtu anayekaa miezi mitatu kusoma mahojiano ameacha shamba au mifugo. Nimeona mradi ukiwalipa wachambuzi wenza chini ya dereva, halafu ukashangaa walipoacha kuja.

Lugha na kusoma. Hiki ni kidonda cha njia hii. Ukitangaza unataka wanaosoma na kuandika, watakuja vijana waliomaliza kidato cha nne, wengi wa kiume, na kuhusu uzazi hawajui lolote. Unakuwa umewashirikisha wanajamii wanaofanana na wewe. Kilichotusaidia ni kuwapanga wawili wawili: kijana anasoma, bibi anaamua. Kazi inaenda nusu mwendo na inakuwa bora mara nyingi zaidi.

Pengine karatasi haikufai kabisa. Wabatwa wa Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, waliondolewa kwenye msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wao, pamoja na Wainuit wa Kanada na jamii za Amazoni ya Peru, wamekuwa kwenye mradi mmoja wa utafiti kuhusu afya na mabadiliko ya tabianchi, na njia mojawapo iliyotumika ni ya picha. Mshiriki anapewa kamera, anapiga anachoona kinahusu afya yake, kisha anaeleza mbele ya wenzake. Njia hiyo ilibuniwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990 wakifanya kazi na wanawake wa vijijini Yunnan, China. Uzuri wake ni kwamba anayepiga picha anakuwa ameshaanza kuchambua pale anapoamua aelekeze kamera wapi.

Siri. Usiwape rekodi za sauti. Nilifanya kosa hilo. Sekunde chache tu za kicheko na mchambuzi mwenza akasema, "Huyu si mama fulani?" Wape maandishi yaliyosafishwa, wape mafunzo ya kutunza siri, wasaini. La muhimu zaidi ni fomu ya ridhaa: mshiriki alipokubali kuhojiwa, aliambiwa kwamba majirani watasoma maneno yake? Kama hakuambiwa, huna ruhusa hiyo. Sheria zetu nazo zimekaza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kinachobaki ni watu. Mmoja wa wachambuzi wetu leo anaajiriwa na miradi mingine, na ndiye anayewauliza watafiti wapya maswali magumu. Majina yao yawe kwenye orodha ya waandishi. Shukrani za mwisho wa makala hazitoshi.

## Njia ya nne: jamii ndiyo mwenye data

Njia tatu za kwanza zinauliza namna ya kumwingiza mwanajamii kwenye uchambuzi wa mtafiti. Hii inageuza swali: mtafiti ndiye anayebisha hodi.

Mwaka 1998 Mataifa ya Kwanza ya Kanada yalitunga kanuni zinazojulikana kwa kifupi OCAP: kumiliki, kudhibiti, kufikia na kushika data zao. Utafiti wao wa afya wa kikanda, ulioanza 1997, unasimamiwa na wao wenyewe, na anayetaka kuzitumia data anaomba. Mwaka 2019 mtandao wa kimataifa wa jamii asilia ukatoa kanuni za CARE, zinazoweka mbele manufaa ya pamoja na mamlaka ya jamii juu ya data. Afrika nayo haikukaa kimya. Mwaka 2010 ilichapishwa jenomu (ramani nzima ya vinasaba) ya Wasan wa Namibia, na viongozi wa Wasan wakalalamikia jinsi ridhaa ilivyopatikana na lugha iliyotumika kuwaeleza. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakatoa kanuni zao za maadili ya utafiti, zilizojengwa juu ya heshima, uaminifu, haki, kujali, na utaratibu unaofuatwa.

Neno la mwisho ni la jamii, pamoja na neno "hapana". Watafiti huogopa kwamba habari mbaya zitafichwa. Hofu hiyo ni halali, ingawa sijaona ikitajwa kwa ukali uleule mwenye data anapokuwa wizara au kampuni ya dawa. Swali linalonisumbua zaidi ni jingine: jamii ni nani? Ukimkabidhi laigwanani data za uzazi, umewakabidhi wanawake?

Muda na fedha. Miaka, na taasisi. Huwezi kuijenga ndani ya mradi mmoja.

Lugha na kusoma si kikwazo kikubwa, kwa sababu jamii inaajiri wataalamu na kuwapa maagizo.

Siri inalindwa dhidi ya watu wa nje. Dhidi ya watu wa ndani inahitaji kanuni zake, na mahali pa kuhifadhi. Kijiji kisicho na umeme wa uhakika kinaweza kuiwekea data amana kwenye taasisi inayoaminika, kwa mkataba.

Kinachobaki ni kila kitu.

Kwetu Tanzania, utafiti wa afya unapita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, na cheti cha NIMR kinadai uombe ruhusa kabla ya kuchapisha. Kijiji hakitajwi kama mwenye mali. Lakini hakuna kinachokuzuia kuandikiana na jamii hati ya makubaliano inayosema data zitatumika kwa nini, nani ataulizwa zikitakiwa kwa jambo jingine, na rasimu itakaa kwao siku ngapi kabla ya kutumwa. Hiyo si njia ya nne kamili. Ni mlango wake.

## Kulingana na hali yako

Wewe ni mwanafunzi, una miezi sita na fedha za nauli mbili: rudisha rasimu, lakini kwa makundi madogo na kwa tafsiri mbili zinazopingana. Usijaribu wachambuzi wenza kwa wiki mbili. Utawachosha na utajidanganya.

Data zako ni za namba tu: siku moja ya punje za mahindi itakupa maelezo ambayo hakuna dodoso lililouliza. Ifanye kabla hujasafisha data, maana baada ya hapo utakuwa umeshafuta kitongoji cha bodaboda.

Mada ni VVU, ukatili au ukeketaji: liache baraza. Chukua wachambuzi wenza wawili au watatu kutoka wilaya nyingine yenye lugha ileile, au rudisha jumla tu.

Mradi ni wa miaka mitatu na bajeti bado haijafungwa: wachambuzi wenza wawili wawili kwa kazi ya kila siku, baraza la kadi pale wanapokwama, na rasimu irudi kwa kijiji kizima mwishoni. Njia hizi hazigombani. Ila fomu ya ridhaa iandikwe kwa kuzingatia hayo kabla ya mahojiano ya kwanza.

Unachukua damu, mate au kinyesi: usiondoke na chupa hata moja bila makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi ya baadaye. Sampuli hukaa kwenye friji miaka mingi kuliko mradi.

Wewe si mtafiti, ni mwenyekiti wa kitongoji au kiongozi wa kikundi cha kina mama na gari limeshafika: uliza nani atakaa mezani siku ya kuamua maana ya majibu yenu, atalipwa nini, na data zitalala wapi. Mgeni asiyekuwa na jibu arudi kulitafuta, chai atakunywa akirudi.

Data umeshakusanya na ridhaa haikutaja majirani: rudi kwenye kamati ya maadili kabla hujamwonyesha mtu sentensi hata moja.

Na kama bajeti imeshafungwa, msimamizi anasubiri, na ulichoweza ni siku moja tu, andika hivyohivyo kwenye ripoti, mahali penye "jamii ilishirikishwa": tulirudisha rasimu kwa siku moja, kina mama 31 walikuja, mambo mawili waliyakataa, nayo ni haya.